Risala ya Kumuaga Jaji Niliyemtilia Shaka

Mpendwa Shangazi Ruth,

Shikamoo. Naandika kwa sababu ya kicheko. Nilikisikia alasiri moja kupitia mlango wa ofisi ya Jaji ambaye nimekuwa msaidizi wake kwa miaka mitatu, kicheko cha kutoka tumboni, cha mtu aliyevua viatu na kunyoosha miguu, na nilishtuka kwa sababu katika miaka yote hiyo sikuwahi kumsikia akicheka. Mlango ulipofunguliwa akatoka mzee ambaye nitamwita Sadoki, nami nilimfahamu mara moja kwa kuwa ndiye mdaiwa katika shauri la ardhi lililokuwa likisubiri hukumu, akanipita akisema, "Pole na kazi, mwanangu," kana kwamba ametoka kumjulia hali nduguye. Walikuwa wakiongea Kimeru. Mimi nimelelewa Lemara, na kwetu ni magharibi ya Mlima Meru, tunaongea Kimaasai, kwa hiyo sikuambulia hata neno moja.

Shangazi, huyu Jaji si mtu wa kupokea wageni hovyo. Wiki yangu ya kwanza kazini mtu mmoja aliacha mkungu wa ndizi getini, na Jaji akanituma niurudishe. "Mwambie ndizi zake zina njaa ya hukumu," alisema, wala hakutabasamu. Nilimpenda tangu siku ile kama mtu anavyompenda mwalimu, na labda ndiyo maana kile kicheko kimenikaa kifuani.

Katika shauri lenyewe, mjane ambaye nitamwita Mama Penina alidai kwamba Mzee Sadoki ameingia kwenye shamba lake la kahawa juu ya Tengeru. Hakuwa na wakili. Tulikwenda huko na Jaji kukagua, na mama akatuonyesha mstari wa masale, ule mmea ambao Wameru wakishaupanda mpakani hakuna anayethubutu kuung'oa, na kwa macho yangu niliona masale marefu kunizidi, mashina yake manene kama mkono wangu, nikaandika kwenye daftari langu: ya zamani sana. Wiki moja baada ya kicheko hukumu ikasomwa, na ndani yake imeandikwa kwamba masale yale yamepandwa "hivi karibuni", na Mama Penina ameshindwa. Jaji amezaliwa mlimani, amekulia migombani, atakoseaje umri wa masale? Haki ya kukata rufaa ilitajwa harakaharaka mwishoni. Mama alimgeukia karani akauliza, "Imeisha?" Karani akamjibu, "Imeisha, mama, nenda nyumbani."

Hizo ni wiki mbili zimepita. Sasa Ijumaa ya wiki ijayo Jaji anastaafu, kutakuwa na kikao maalumu cha kumuaga, na mimi nimeteuliwa kuandika na kusoma risala ya watumishi. Mwenyekiti wa kamati, Emmanuel, amenipa sentensi ambayo lazima iwemo: "Katika utumishi wake wote hakumpendelea mtu yeyote." Nikishamaliza tu, wazee wa kwao watamvika blanketi na kumkabidhi mtamba wa ng'ombe. Nilipoangalia ratiba nani atashika blanketi, nikakuta jina la Mzee Sadoki.

Nilimwambia Emmanuel sentensi ile siiwezi. Akacheka.

"Dada, risala si kiapo. Umewahi kuona mtu anaagwa kwa kasoro zake?"

"Lakini nikiisoma, ninasema ni kweli."

"Wewe unasoma, sisi tunapiga makofi, tunakula, tunaondoka. Usituharibie pilau."

Nilimpigia mama yangu, naye akaniuliza, "Kwa hiyo ulitaka mzee wa watu asicheke mpaka anastaafu?" Ikisemwa hivyo naonekana mwendawazimu. Lakini silali vizuri, ninasoma hukumu ile tena na tena, ninamwangalia Jaji akinywa chai na ninajiuliza huyu ni nani, kisha ninajichukia kwa kujiuliza, kwa sababu, na hili ndilo sijamwambia mtu, ameshaniandikia barua nzuri ya kunipendekeza niwe hakimu, na nikifungua mdomo barua hiyo inaweza kugeuka karatasi ya kufungia karanga. Nisome au nisisome?

Ni mimi, Msaidizi, Arusha

*

Marahaba, Msaidizi. Nimemwomba mhariri aitangulize barua yako, na utaelewa kwa nini.

Kwanza pole. Kumtilia shaka mtu aliyekufundisha kazi kunauma. Sasa kaa vizuri nikuseme.

Umeniandikia kurasa tatu kwa mwandiko mzuri. Umenieleza kifua chako, usingizi wako, barua yako ya kupendekezwa. Mama Penina yuko wapi? Umemwacha mlangoni mwa mahakama akiambiwa imeisha, ukaondoka na kalamu yako tu. Binti, wewe ndiye msomi wa sheria, si mimi, lakini hata mimi najua kwamba mtu aliyeshindwa huko ana siku thelathini za kutoa taarifa ya kukata rufaa. Kwa hesabu yangu, ukitoa na siku ambazo barua yako imekaa njiani, zimebaki kama kumi. Wewe unahangaika na sentensi moja ya sherehe, na mwenzako anapoteza shamba kwa kutojua kalenda.

Pili, kicheko si ushahidi. Wazee hucheka. Ukikipeleka popote utachekwa wewe. Lakini mdaiwa kuingia ofisini kwa Jaji kabla ya hukumu, hilo umeliona kwa macho, na lina tarehe. Masale umeyaona, na daftari lako lina tarehe. Jifunze kutenganisha ulichokiona na ulichokiota, hasa kama kweli unataka kuwa hakimu.

Tatu, umekaa na shaka kama mtu aliyekalia mayai. Umemuuliza Emmanuel, umemuuliza mama yako, umeniuliza mimi ambaye hatujuani. Aliyecheka hujamuuliza. Nenda kabla ya Ijumaa, mchana, mlango wazi, kwa adabu zako zote, umuulize Jaji, Mzee Sadoki alifuata nini ofisini kwake. Kama ni mtu safi atakueleza. Kama si safi, uso wake utakueleza.

Kuhusu risala: usisome usichokiamini. Andika uliyoyashuhudia, hata yakiwa mistari mitano. Kamati wakikataa, warudishie karatasi yao wapige makofi wenyewe. Usifanye vituko ukumbini, usimwaibishe mzee mbele ya wajukuu wake. Mambo ya mahakama yana mlango wake, na wewe unaujua.

Lakini kesho asubuhi, kabla ya yote hayo, mama wa shamba aelezwe haki yake. Kumweleza mtu haki iliyokwisha kutajwa mahakamani si siri wala si upendeleo. Inuka.

Shangazi Ruth

*

Shangazi, nimekusoma, nimeona aibu, nimeinuka.

Mama Penina nilimkuta sokoni Tengeru. Nilimweleza siku thelathini na nikamwelekeza kwa wanaotoa msaada wa sheria bure. Hakunishukuru. Aliniuliza, "Na siku zote hizi ulikuwa wapi?" Taarifa yake ya rufaa ilipokelewa siku ya ishirini na saba.

Jaji nilimkuta akipanga vitabu vyake kwenye maboksi. Nilimuuliza. Hakukasirika. Alisema, "Sadoki tulichunga naye mbuzi, tukatahiriwa siku moja. Alikuja kuniambia wazee wataniaga. Shauri hatukuligusa." Nikamuuliza kwa nini basi hakujitoa kwenye shauri la mtu aliyetahiriwa naye. "Binti, mlima huu wote nimechunga nao. Ningejitoa mara ngapi?" Nilipomuuliza kuhusu masale, alirudi kwenye maboksi yake. Shangazi, nadhani alisema kweli kuhusu mbuzi. Na nadhani hakujua kwamba kutojitoa ndiko kosa lenyewe, au alijua. Mpaka leo siwezi kuapa.

Sikusoma risala. Emmanuel aliisoma mwenyewe, sentensi yake ikiwemo, na niliambiwa blanketi lilimpendeza. Saa hiyo mimi nilikuwa ghorofa ya juu, masijala, nikikabidhi barua ya kwenda kwa Jaji Mfawidhi, msimamizi wa mahakama yetu, yenye mambo mawili tu niliyoyaona kwa macho yangu, na tarehe zake. Nimeisaini kwa jina langu kamili, na nakala yangu imegongwa muhuri.