Mzee Hodi, Mpeleka Posa za Wenzake

Mwaka umetimia, Mzee Hodi, tangu ulipotuaga, na bado mtu akibisha mlangoni kisha akakohoa kidogo, wote tunageuza shingo. Jina lako la kuzaliwa wengi hawakulijua. Mtaa mzima ulikuita Mzee Hodi kwa sababu nusu ya maisha yako uliimalizia milangoni mwa watu, ukipeleka posa za vijana wasio na mtu wa kuwasemea.

Mchana ulikuwa fundi cherehani. Utepe wa kupimia ulikaa shingoni mwako hata wakati wa kula, na zaidi ya mara moja nilikukuta umelala nao. Ulikuwa ukisema hakuna anayeweza kumficha fundi mapenzi yake. "Kijana akija kupunguza suruali iliyomtosha jana," ulituambia, "niwekeeni koti tayari. Mwezi hautaisha hajaniuliza kama nina nafasi jioni."

Na kweli walikuja, wapagazi, walimu, madereva. Walianza na kifungo kilichokatika, wakamalizia na jina la msichana.

Mimi na wewe wenyewe tulioana kwa njia hiyo hiyo. Ulimtuma mjomba wako mwenye kigugumizi, kwa kuwa hukuwa na mwingine. Alifika kwetu jua likiwa kali, na taa ikawashwa kabla hajalimaliza jina langu. Kaka zangu walijiuma midomo wasicheke. Baba hakucheka. Alisema, "Mtu akihangaika hivi kwa neno moja, basi analitaka kweli." Mimi niliulizwa nikiwa nyuma ya mlango, nikanyamaza, na siku zile msichana akinyamaza amekubali.

Miaka mingi baadaye uliniambia kwamba ukimya ule ulikusumbua. "Ningejuaje kama hukuwa umekaukwa koo tu?" Ndiyo maana kila ulipokwenda kuposa uliomba maji ya kunywa, ukaomba yaletwe na binti mwenyewe, nawe ukamuuliza polepole, "Mwanangu, nirudi au nisirudi?" Wengi walisema urudi. Mmoja alisema, "Usirudi, baba." Ulikwenda ukamwambia kijana aliyekutuma kwamba umekosea kupima, kitambaa kile si chake, atafute cha kipimo chake. Lawama ukazibeba wewe. Nyumbani kwao hakuna aliyemgombeza yule binti, na mpaka leo akipita hapa hunisalimia kwa kuinama.

Wala hukuwa mtu wa kuozesha ukaondoka zako. Wakigombana walikuja kwako. Ulimketisha mmoja upande huu wa meza ya kukatia, mwingine upande ule, nawe ukaendelea kushona. "Semeni tu, cherehani haina masikio." Mmoja akianza kufoka, ulikanyaga cherehani kwa nguvu hata asisikike, ikabidi asubiri pindo liishe. Mapindo yako siku hizo yalikuwa marefu sana, Mzee.

Kisha kazi ile ya jioni ikapungua, wala hatujui ilianza kupungua lini. Vijana wakanunua suruali zilizokwisha kushonwa, na wachumba wakajuana kwa simu. Hatuwalaumu. Wanazoeana kabla ya ndoa, jambo ambalo mimi na wewe tulilifanya baada. Mjukuu wetu wa kike anamwita mumewe kwa jina lake, naye mume anaosha vyombo huku akiimba. Ulipoyaona hayo kwa mara ya kwanza ulinigeukia ukasema, "Kumbe ilikuwa inaruhusiwa!"

Ila leo wakigombana hawana mlango wa kubisha. Binti yetu, mtoto wetu wa pili, alipoachika, sisi wazazi wake tulipata habari vyombo vyake vikiwa vimeshashushwa uani. Ulimpokea, ukambebea godoro, hukumuuliza kitu. Jioni ulinong'ona, "Hakuna hata mmoja aliyekuja kukaa upande wa pili wa meza."

Ulibaki na tumaini moja, nalo lilikuwa mjukuu wako wa kwanza, yule fundi wa simu. Tangu akiwa mdogo ulimwambia, "Wewe ukioa, mshenga ni mimi." Alipokua akapata mchumba, wakafunga ndoa ofisini kwa msajili asubuhi, na mchana wote wawili wakarudi kazini. Sisi tulipata picha.

Alikuja baadaye na mkewe, wamejaa furaha. "Babu, hatukutaka kukusumbua. Magoti yako haya."

"Magoti yangu ndiyo yaliyokuwa yanaoa?"

Tulicheka sote, hata wewe. Halafu tukakuona umekwenda kukaa kwenye cherehani isiyo na kitambaa. Kijana hakukudharau. Alikuonea huruma, na huruma hiyo ndiyo iliyokuuma.

Basi Jumapili moja ukavaa koti lako la kahawia. "Mama watoto, jiandae. Tunapeleka posa."

"Ya nani tena, Mzee? Hao wameshaoana. Wana kitanda, wana friji."

"Friji si jibu," ukasema, ukachukua fimbo.

Baba yake bibi harusi ni fundi wa kuchomelea mageti, mtu mpana, mikono imejaa alama za cheche. Tulimkuta na fulana anatazama mpira. Ulibisha, ukakohoa, ukakaa kwenye ncha ya kiti kama inavyompasa mtu anayeomba. "Tumepita njia," ukasema, "tukaona katika nyumba hii kuna ua limechanua."

Alikutazama wewe, akanitazama mimi. Niliinamisha macho nikiomba asicheke. Alinyanyuka, akazima televisheni, akaingia ndani. Aliporudi alikuwa amevaa shati, amelifunga vifungo mpaka shingoni.

"Mzee, tumekusikia," alisema. "Lakini binti huyo ana mama yake, ana wajomba, ana mashangazi. Leo hatuna jibu. Uturudie mwisho wa mwezi."

Kule jikoni mama mtu alikuwa amejiziba mdomo kwa kitambaa cha vyombo. Wewe ulikunja uso kama mtu aliyenyimwa. "Tutarudi," ukasema.

Njiani nilishindwa kwenda sambamba nawe. "Umeona? Wametuzungusha!" ulisema, na ile fimbo ukawa umeibana kwapani tu. "Angesema ndiyo palepale, ningejua ananihurumia. Yule ni mkwe!" Wiki zile ulirudi kuwa kijana. Nilikusikia chumbani ukijaribu maneno utakayosema safari ya pili, ukiyapunguza hapa na kuyaongeza pale.

Mwisho wa mwezi ulikukuta kitandani, kifua kimebana. Kila aliyeingia ulimuuliza, "Kule wamesemaje?" Nami nilikujibu kwa maneno yako mwenyewe, "Pona kwanza. Mshenga hafuatwi na jibu, hulifuata."

Fundi wa mageti alikuja kukuona. Alikumenyea chungwa, akakaa sana, wala jambo lile hakuligusa. Nilipomsindikiza alisema, "Mama, nikimjibu hapo kitandani atajua ninamuaga. Acha apone, aje abishe mlango wangu." Niliona ni busara. Wote tuliona ni busara. Binti yetu alilipiga koti pasi, akalitundika mahali utakapoliona.

Hukupona.

Hilo ndilo lililotukaa kooni mwaka huu wote. Tuliitunza heshima yako vizuri mno, mpaka tukakunyima neno moja. Mjukuu wako anasema kosa ni lake, angekutuma mapema haya yote yasingekuwapo. Mimi nasema lilikuwa langu, mimi niliyekaa karibu na mto wako. Tunagombania kosa kama watoto wanavyogombania kiti cha dirishani, na aliyezoea kutuamua hayupo.

Juzi yule fundi alikuja tena. Nilimpa kiti, akakikataa.

"Mama, nasikia mnaandika tangazo la kumbukumbu ya Mzee gazetini."

"Ndiyo, baba. Linaandikwa."

"Nilimzungusha mpaka akaondoka."

"Ulimheshimu. Hujui alivyotembea siku ile kurudi nyumbani."

"Nilimheshimu," alisema, "lakini alisubiri."

Alitazama mikono yake. Kisha akasema kwamba alikwenda kaburini peke yake kukupa jibu, akasimama, akashindwa, akarudi. "Posa haijibiwi kwa kunong'ona, mama. Inataka watu wasikie. Niandikie humo."

Basi, baba watoto, ninaandika, na hawa wote wanaosoma wawe mashahidi. Wajomba walikaa. Mashangazi walikaa. Binti aliulizwa naye akasema kwa kinywa chake, mbele ya watu. Wamekubali, Mzee. Wanasema ulikuja vizuri, ulisema vizuri, na mlango ule ni wako. Wanakuomba radhi kwa kukuchelewesha.

Tulitaka ulisikie jibu hili ukiwa umekaa kwenye ncha ya kiti, na koti lako, ukijifanya hukulitarajia. Tumelileta limechelewa, na hatuna namna nyingine ya kulileta.

Wanaokukumbuka ni mimi mkeo, mwanao mkubwa mwashi na familia yake, binti yako, ambaye sasa anashonea kwenye cherehani yako, kitinda mimba wako aliye mbali, anayepiga simu kila Jumapili akitaka asimuliwe upya habari zako, wajukuu wote, mjukuu wako fundi wa simu, pamoja na mke uliyemposea, na wakwe zako wa nyumba ya mageti, walioomba waandikwe kama ndugu.

Pumzika, Mzee Hodi. Maadamu tupo, hutasahauliwa.