Maganda ya Benter

Rafiki yangu Drusilla, mwaka ni 2025, mvua za masika zimeanza, nami nimetoka kuaibishwa mkutanoni.

Niliwasomea wakazi wenzangu mpango wangu wote wa taka za mji wa Kisii: kila nyumba inunue mifuko yenye alama, na anayejaza mingi alipe zaidi.

Kisha akasimama Benter, yule jirani yangu aliyehamia kutoka kando ya ziwa. "Nyanya yangu, maganda ya ndizi je? Yatatujazia mifuko mitatu kwa wiki! Si tuwape wenye ng'ombe?"

Wakampigia makofi. Makofi, Drusilla! Mimi niliyeupanga mpango kwa wiki mbili sikupata hata kofi moja.

Wivu ulinichoma, nikamwambia, "Asiye na ng'ombe atajuaje chakula cha ng'ombe?"

Akatabasamu. "Nyanya, ng'ombe wako anakula maganda yangu tangu Januari. Ile lita ya maziwa uliyoniahidi bado ninaingoja."

Ukumbi mzima ulicheka. Mzima!

Ni kweli, nilimwahidi.

Nimetoka kwake sasa hivi. Nimempelekea lita mbili.

"Ya kwanza ni deni," nimemwambia. "Ya pili ni ya wazo ambalo lilipaswa kuwa langu."