Wadudu wa Ziwani Kwenye Kisosi

Baba Nyangi,

Nimewahi gari la Bunda. Uji uko kwenye chupa. ~~Kompyuta usiiguse.~~ Kompyuta washa tu, imepona!

Asubuhi ilizima tena ghafla, nami nikajua tu ni memori, vile vibao viwili vya ndani. Nikazitoa zote mbili, nikajaribu mojamoja. Nikizichomeka tundu la pili zote zinafanya kazi, la kwanza zote zinagoma. Kumbe memori ni nzima! Nikamulika tochi kwenye lile tundu. Mwenzangu! Limejaa mabawa. Ni wale wadudu wanaosimamaga juu ya ziwa kama moshi, wepesi kuliko majivu, ndio walioangusha mashine iliyowashinda mafundi wawili. Nikasafisha kwa brashi kavu, ikawaka, na mpaka natoka haijazima.

Sasa kumbuka ni nani anayeiwashaga dirishani kila jioni, ili wadudu waufuate mwanga wa kompyuta wasiangukie samaki wetu tuliowaanika nje. Wamekutii.

Memori mpya usinunue. Dirisha funga. Wadudu nimekuwekea kwenye kisosi, wamulike kabla hujawatupa. Kazi ya Mungu haina makosa.

Jana ulinigombeza kwamba mimi ndiye naiharibuga. Haya, waulize hao.

Mama Nyangi