Kurasa Arobaini

Tarehe 4 Machi

Mdogo wangu mpendwa,

Hujambo? Na kifua chako, bado kinakusumbua? Mimi ni mzima, ila viganja vimeota sugu kwa pasi. Hospitali imeongeza wodi, na sisi wa chumba cha kufulia hatukuongezewa hata mtu mmoja.

Nina swali, na wewe wa maktaba ndiwe wa kuulizwa. Kuna riwaya inaitwa Mji Usiogusa Chini, ya mambo ya anga na miji inayoelea. Mwandishi anajiita Bi Tarishi. Mwenzangu hapa kazini anamfahamu. Anasema sehemu ya pili ilikuwa imefika katikati, kisha gazeti la Jumamosi likatoa maoni ya mtu anayejiita Jicho Kali, na mama wa watu amefunga madaftari yake kwa kamba, ameyasukuma chini ya kabati. Wasomaji wako wanasema nini? Niambie ukweli, usinipake mafuta kwa mgongo wa chupa.

Dada yako


Tarehe 15 Machi

Shikamoo dada,

Kifua kimetulia, ahsante. Barua yako imenichekesha hapa mezani mpaka msimamizi ananitazama vibaya.

Wasomaji wamegawanyika. Rafu ya riwaya za sayansi na maajabu nimeiwekea daftari, kila anayerudisha kitabu anaandika lake. Kinyozi anasema mji ukielea lazima maji ya bomba yatoke mahali, na mwandishi hakusema yanatoka wapi. Mwalimu mstaafu wa hesabu anasema waandishi wengi wa mambo haya wanajua nyota na hawajui watu, ila huyu watu anawajua. Fundi viatu amekiazima mara tatu, na mara zote ameandika "Kizuri", basi.

Sasa kaa vizuri. Jicho Kali ni mimi. Ndiyo, mdogo wako huyu huyu. Gazeti linanipa nafasi mara mbili kwa mwezi, nilitaka nikwambie tukionana. Nimekuwekea kipande humu ndani ya bahasha. Ona hapo katikati: "Bi Tarishi anaita chombo chake cha anga 'lokoto'. Neno hilo sijui ameliokota jalala gani. Mtu mzima anayeandika kitoto hivi awaachie kalamu wenye kazi yao." Pale gazetini walicheka mpaka wakafuta machozi. Na iwe siri yetu, nilisoma kurasa arobaini tu. Zilinitosha.

Mwenzako ampe pole rafiki yake.

Mdogo wako


Tarehe 2 Julai

Shikamoo dada,

Mbona kimya? Hii ni barua ya tatu. Nimepiga simu chumba cha kufulia, nikaambiwa uko kazini na hujambo. Kama nimekukosea, nitajie kosa.

Mdogo wako


Tarehe 19 Novemba

Shikamoo dada,

Sijui kama hii utaifungua. Wiki iliyopita fundi viatu alisimama mezani kwangu na kile kitabu, akaniuliza, "Wewe unayesoma vyote, hivi yule dada alifanya sawa kumwachia mdogo wake chombo?" Nikaguna. Akauliza tena. Mimi sikufika huko. Nikaona haya, nikakibeba nyumbani.

Ukurasa wa arobaini na tatu. Dada, kurasa tatu tu mbele ya pale nilipoachia. Mtoto ana surua, mapazia yamefungwa mchana kweupe kwa sababu mwanga unamuumiza macho. Dada yake amemlaza ndani ya sanduku la nguo, amelifunika shuka, analitikisa na kumwambia wameshapaa. Mtoto anataka kusema roketi, ulimi unamgomea, anasema lokoto. Nilikuwa na miaka minne. Wiki mbili hukwenda shule kwa ajili yangu. Nililia kwa sauti mpaka mke wangu akadhani tumefiwa.

Jalala nililolitukana ni kinywa changu mwenyewe. Uliniomba ukweli, nami nikakuletea kejeli, tena kwa majivuno. Nimeandika gazetini kwamba nilihukumu kitabu nisichokisoma. Wameyaweka kwenye kona chini ya tangazo la magodoro, na nafasi yangu wamempa mwingine. Hilo halinisumbui. Linalonisumbua ni yale madaftari chini ya kabati. Yatoe, dada. Ukitaka nije nikupigie magoti mbele ya wenzako wote wa kufulia, nitakuja.

Mdogo wako aliyekukosea


Tarehe 8 Januari

Mdogo wangu,

Hujambo? Wifi yangu hajambo? Mimi ni mzima.

Barua zako zote nilizifungua. Kabla ya ile ya Machi nilidhani Jicho Kali ni mtu fulani wa mbali, nikamchukia kwa raha zangu. Ulipojitaja nikakosa hata mtu wa kumchukia.

Na mimi nina langu. Ningekwambia kitabu ni changu, ungekisifu mwanzo mwisho. Nilijificha ili nipate maoni ya kweli, nikayapata.

Mchapishaji anatoa toleo jipya. Baada ya maoni yako aliniomba tulibadilishe lile neno, nikakubali. Humo sasa ni roketi kila mahali. Nimeshatia saini, kwa hiyo usianze kunililia.

Madaftari nimeyatoa. Naandika saa ya mapumziko, juu ya meza ya kukunjia mashuka. Nakuomba kitu kimoja, tena kama mkubwa wako: sehemu ya pili usiisome. Sikuadhibu. Ila nikiwaza kwamba utaisoma wewe, kila sentensi naanza kuitetea kabla sijaiandika, na haiandikiki. Ikifika hapo, ipange rafuni, watu waiazime.

Dada yako


Tarehe 27 Oktoba

Shikamoo dada,

Natumaini mikono haikuumi sana. Sisi hatujambo, mke wangu anakusalimu.

Sehemu ya pili ilifika wiki tatu zilizopita, nakala tatu. Mhuri wa maktaba unapigwa ukurasa wa ndani, kwa hiyo nilimwomba msimamizi apige yeye. Akaniuliza kama mkono unaniuma. Nikasema ndiyo. Daftari la maoni nimelihamishia mezani kwake, macho yangu yasije yakateleza. Wanaoingoja sasa ni watu kumi na mmoja. Kuna wanaoisoma hapa hapa dirishani, na wakicheka nageuza uso, ingawa natamani mno kujua wanachekea nini.

Jana fundi viatu aliirudisha. Akaegemea meza yangu, anataka tuzungumze. "Sasa yule mdogo mtu," akaanza, "huko alikoachwa na chombo..." Nikamwomba anyamaze. Nikamwambia aliyeiandika amenikataza. Akacheka, akidhani namtania. Basi nikamweleza yote, gazeti, kurasa arobaini, sanduku la nguo. Jina lako sikulitaja, nilisema tu ni dada yangu.

Aliacha kucheka.

"Basi na mimi sitakusimulia," akasema, akaondoka bila kunipa mkono.

Mdogo wako