Jioni Ulipotuzwa, Kerubo

Mdogo wangu Kerubo,

Nakuandikia mtoto akiwa amelala, kwa hiyo nikikata ghafla ujue ameamka. Baba Moraa yuko kazini Kericho, hurudi mwisho wa mwezi. Kutwa nzima sina wa kuongea naye ila wanangu, na hao bado hawajui kujibu.

Barua yako ilifika. Ulisema televisheni itaonyesha ile sherehe ya kila mwaka ya kuwatuza waimbaji, na safari hii umo. "Dada, niangalie. Ukiniangalia nitajua umenisamehe."

Nikusamehe nini? Mimi ndiye niliyekukosea. Nakumbuka tukichuma chai hapa Ekerenyo, wewe mstari wa juu, mimi wa chini, wimbo mmoja tukipokezana. Mama akikugombeza: "Kerubo, wimbo haujazi kikapu!" Nawe unamjibu kwa kuimba. Alikuwa akigeuka ili tusimwone akicheka.

Halafu ukaimba na bendi katika hoteli kule Kisii mjini, kanisa letu la Wasabato likakuita ujieleze. Mzee wa kanisa akasema wanaokubali jina lako lifutwe kwenye orodha ya washiriki wainue mikono. Uligeuka ukanitafuta mimi tu kwa macho. Nikainua, Kerubo. Mama mkwe alikuwa kando yangu, nikamwogopa.

Sasa sikia ya Jumamosi. Nilimfunga mtoto mgongoni nikaenda sokoni kwa mwenye duka, yule mzee wa kanisa mwenye televisheni ya betri ya gari. Sherehe ilikuwa ya saa kumi na mbili. Nikamkuta ameketi nje, duka limefungwa.

"Washa, mzee. Ni Kerubo."

"Sabato haijaisha, Mama Moraa. Jua si unaliona?"

"Limebaki kidogo tu."

"Yoshua alilisimamisha. Mimi ni nani nilisukume?"

Ng'ambo ya barabara, kwa mwalimu Mkatoliki, televisheni ilikuwa inaimba. Mke wake akatoka mbio: "Mama Moraa! Wanamwita Kerubo! Vuka, wewe, mbona umesimama kama nguzo?"

Hatua ishirini hivi. Mzee alinitazama tu. Miguu ikakataa. Nikasikia makofi, nikasikia nyumba nzima ikipiga vigelegele, kisha wimbo wa mtu mwingine. Jua lilipozama mzee akawasha kwa furaha kabisa. Tukaonyeshwa mwanamume anasoma habari.

Watu hapa wanasema ulivaa gauni jeupe, na kwamba ulilia. Mimi naitikia tu, kana kwamba niliona. Wewe sitakudanganya. Sikukuona.

Mambo ya hoteli na pombe bado siyakubali, na hilo nitakwambia usoni. Lakini kukaa bila wewe kumenishinda. Naamka, nachuma, nafua, napika, na nikianza wimbo hakuna anayeupokea. Nauacha hapo hapo.

Usinijibu kwa barua. Panda basi uje. Tena njoo Jumamosi asubuhi, saa ya ibada, kijiji chote kikiwa kanisani. Nafasi yangu kwenye benchi iwe tupu, mama mkwe aione, na mzee aione. Mimi nitakuwa barabarani na watoto, nakungoja.

Ni mimi dada yako,
Mama Moraa