Soda za Kumjulia Hali Karisa

Mikindani, Jumatatu

Mama yangu mpenzi,

Shikamoo. Huku twapumua, na natumai wewe na goti lako mwaendelea kusikizana. Mvua imefika huko Marafa? Mahindi yamebeba? Nimeamua kuandika kwa sababu kwenye simu hunikatiza, na leo nina mengi. Karembo akusomee yote, asiruke mstari hata akiona mimi dada yake napandisha sauti.

Kidonda cha kaka Karisa hakijapona. Kile cha kidole cha mguu, alichosema ni kiatu kimemchuna. Kule zahanati wamempima wakakuta sukari iko juu sana, na wamesema kidonda kikizidi kupanda, mguu utakatwa. Mama, Karisa ni mpakizi wa mizigo bandarini. Akikatwa mguu atabeba nini? Daktari alituketisha mimi na wifi Kadzo akatueleza polepole: soda hapana, sukari hapana, pombe hapana, na vya kukaanga vikae mbali naye. Tukaitikia kama wanakwaya.

Jana wakaja kina mama wa kanisa kumjulia hali. Desturi yetu waijua, mgonjwa haendewi hivi hivi. Wakaja na kreti la soda, mikate myeupe, pakiti za sukari, na mkebe wa yale mafuta meupe ya kuganda. Sebule ikawa duka. Kabla hata ya maombi, mwenyekiti wao, Mama Neema, akafungua soda akamkabidhi mgonjwa.

"Kunywa, baba, upate nguvu. Tazama ulivyokonda!"

Na huyo mwanao akaipokea kwa mikono miwili! Nikamnyang'anya chupa.

"Mama Neema, huyu ana ugonjwa wa sukari!"

"Twajua, mwanangu. Ndiyo maana tumemletea ya machungwa, si ile nyeusi."

Ya machungwa, Mama! Nilitamani ardhi ipasuke, na isinimeze mimi, imeze kreti.

Kadzo akanivuta jikoni. "Wanitia haya, Sidi. Watu wameleta kwa moyo, nawe wawapokonya chupa?"

Moyo! Humu ndani kila mtu anauawa kwa moyo safi. Mtoto wao Furaha ndiyo kwanza yuko darasa la kwanza, na meno ya mbele yameoza yote, lakini akilia kidogo anatiwa peremende mdomoni anyamaze. Mzee mwenye nyumba hii ana presha, naye asubuhi yake haianzi bila viazi karai vinavyochuruzika mafuta, na anayemnunulia ni bintiye mwenyewe, kwa heshima zote. Ukisema neno, wewe ndiye mchoyo.

Jioni wakafika wenzake wa kazini na kidumu cha pombe ya mnazi. "Huu ni mtamu, haujachacha," wakaniambia, "huu ni dawa, wasafisha figo." Niliumwaga mtaroni mbele ya macho yao. Tangu hapo Kadzo hasemi nami, hunitumia Furaha na ujumbe kutoka chumba hadi chumba.

Hayo yote ningeyameza. Lakini leo asubuhi namfunga kidonda, Karisa akaanza kucheka peke yake. "Wewe mwaga tu," akasema. "Mama anakuja Jumamosi. Ameniahidi asali, na samli, na mnazi wa mjomba Kahindi. Na Mama naye utamnyang'anya?"

Nilitoka nje nikalia kwa hasira, na hasira yenyewe ilikuwa kwako.

Baba alianza hivi hivi, Mama. Kidole kimoja. Tukasema karogwa, tukazidi kumkorogea chai nzito ya sukari ili apate nguvu. Sitaki kuyaona tena, na naogopa mno.

Nisalimie shangazi Dama, muuza mahamri wetu, mwambie asinune kwa haya ya vya kukaanga, bado nampenda. Mjomba Kahindi naye mpe salamu za mpwa wake. Wasema mgema akisifiwa tembo hulitia maji. Basi mwambie nimemsifu sana, alitie maji hadi liwe maji matupu. Karembo, ahsante kwa kusoma, sasa msomee Mama polepole haya yaliyobaki.

Mkono mtupu haulambwi, ulinifundisha wewe mwenyewe. Lakini Jumamosi shuka kwenye basi ukiwa nao mtupu. Mama Neema na akucheke, Kadzo na anune. Wewe njoo ukae kitandani kwa Karisa, umshike mguu huo kwa mikono yako yote miwili, maadamu bado upo wa kushikwa.

Ni mimi bintiyo mkali, anayekungoja kwa hamu,

Sidi