Lawama za Paka Wetu Meneja

Nyumbani kwa Mama,
Chumba cha kupigia pasi,
Jumatano, tarehe 11 Juni.

Mpendwa kaka yangu,

Shikamoo. Nimeitanguliza mapema ili tukifika huko mbele usije ukasema mdogo wako amekosa adabu. Habari za huko? Goti lako linaendeleaje na hiyo baridi? Wifi je, bado wanampanga zamu za asubuhi? Na wale wanangu, wamemaliza mitihani salama? Mwambie yule mdogo kwamba picha aliyomchorea bibi yake ipo ukutani, juu ya kiti cha dirishani.

Sisi huku, ukiuliza kwa haraka, hatujambo. Ukiuliza kwa utulivu, tafuta mahali ukae usome.

Najua unashangaa kupata barua wakati simu zipo. Simu ya nyumba hii, kaka, hukaa mezani spika ikiwa wazi ili Mama asikie kila kitu, kama ulivyoagiza mwenyewe. Sasa nikuambie nini humo? Ninalotaka kukuambia ni jambo ambalo Mama hapaswi kunisikia nikilitamka. Ndiyo maana nimempa barua hii mfanyakazi mwenzake wifi aliyekuwa likizo huku, aje nayo mkononi. Ukishaisoma ichane. Usimsomee mtu.

Siku zile paka alipoondolewa, uliponipigia ukauliza, huku unacheka, kama sasa tunaona nyumba inavyonukia vizuri, nami nilicheka. Kile kicheko nakijutia mpaka leo.

Nianze na Meneja mwenyewe. Unamkumbuka: paka wa rangi ya chungwa, sikio moja limekatika, kazi yake kukaa juu ya bunda la nguo safi na kunitazama nikipiga pasi, kana kwamba yeye ndiye aliyeniajiri. Wateja ndio waliompa jina. Ni kweli alianza kukojoa ovyo, sikatai. Beseni lake la mchanga likawa linashinda kavu, mkojo tunaukuta kwenye zulia la mlangoni, kwenye kapu la nguo chafu, na siku moja kwenye suruali nyeupe ya mwalimu wa kwaya iliyokwisha kupigwa pasi na kukunjwa. Dobi anayemrudishia mteja suruali yenye mkojo wa paka, afadhali akauze mkaa.

Washauri hawakukosekana. Jirani alisema nimsugue pua kwenye mkojo wake. Mwingine akasema nimwage pilipili. Wewe ukaniambia maganda ya limau, nikayatandaza nyumba nzima mpaka mtu akiingia anauliza juisi ni kiasi gani. Meneja akayaruka, akakojoa pembeni. Hapo nikamtia kwenye kapu la nguo lenye mfuniko, nikampeleka kwa daktari wa mifugo.

Yule daktari si mtu wa maneno mengi. Alimbonyeza tumbo, paka akalia, naye akaniambia huyu si jeuri, huyu anaumwa. Kibofu kilikuwa kimevimba. Kila akienda kwenye beseni anapata maumivu, basi akadhani beseni ndilo linalomuumiza. Na mimi nilikuwa nimeliweka ubavuni mwa mashine ya kufulia, ambayo ikianza kuzungusha inatikisa ukuta. Nikapewa dawa na maagizo: anywe maji kwa wingi, beseni lihamie mahali pa kimya, litiwe mchanga mtupu usio na marashi, lizolewe kila siku, na liongezwe la pili. Kila alipokojoa paoshwe mpaka harufu iishe kabisa, maana paka hurudi panaponuka mkojo wake. Hilo la kuosha sikuhitaji kufundishwa. Nilifanya yote, na Meneja akapona. Akarudi kwenye mchanga wake, anafukia, ananusa, anafukia tena.

Ila kiti cha Mama, kile cha dirishani, kiliendelea kulowa.

Kaka, mimi nafua nguo za watu miaka yote hii. Mkojo wa paka ukiinua mto tu unakuchoma pua, macho yanatoka machozi. Ule haukuwa wa paka. Tena asubuhi niliyogundua hilo, Meneja alikuwa na mimi chumba cha pasi, mlango umefungwa, tangu Mama hajaamka. Mama akaniita, akasema, "Njoo uone alichofanya Meneja." Nilimkuta amesimama kando ya kiti, amejifunga shuka kiunoni, amegeukia dirisha. Hakunitazama.

Wewe ungesema nini? Mimi nilisema paka huyu hana adabu, nikauchukua mto nikaenda kuufua.

Tangu siku hiyo ukawa ndio utaratibu wetu. Mama anaita, mimi nakuja, namkaripia Meneja kwa sauti mpaka nyumba ya pili wasikie, naye ananikodolea macho tu. Kisha namwita jikoni nampa kipande cha samaki. Mama naye, akidhani simwoni, alikuwa anamtengea ngozi ya kuku kutoka sahani yake. Tulikuwa tunamtuliza paka kwa lawama zisizo zake, kila mmoja kwa siri. Wahenga walisema funika kombe mwanaharamu apite, na sisi tulifunika.

Usidhani nilikaa tu nikafua mito. Nilizungumza na muuguzi wa zahanati, mteja wangu wa siku nyingi, mama mtu mzima. Akaanza kuleta sare zake mwenyewe badala ya kutuma mtu, akifika anakaa na Mama, wanaongea habari za uzazi, za migongo, za miili yao ilivyowageuka. Aliniambia hali hii huwapata wanawake wengi waliozaa, kuna dawa na kuna mazoezi, lakini mtu asisukumwe, atasema mwenyewe siku akipata wa kumwamini. Na kweli, mara ya mwisho Mama alimuuliza kama kuna dawa ya mtu anayeshindwa kujizuia, kwa ajili ya rafiki yake mmoja. Nilikuwa nyuma ya pazia na pasi mkononi, nikaunguza shati la mtu. Rafiki yake mmoja, kaka. Ilibaki kidogo sana aseme ni yeye.

Ndipo ukapiga simu ile ya picha. Mama alikuwa jikoni. Nilikuwa nakuonyesha nyumba, ukauona mto umeanikwa juani. Ukasema harufu unaisikia mpaka huko. Binamu yetu Msumari alikuwepo, amekuja na gari lake kuchukua nguo za hoteli. Jirani naye alikuwepo, na spika wazi kama kawaida. Nikakuambia paka ameshapona. Ukaniuliza, na najua hukufikiri, lilikutoka tu: "Sasa kama paka amepona, kiti anakikojolea nani?"

Msumari akacheka. Nikamwona Mama anatoka jikoni, nikaigeuzia simu ukutani, kwa hiyo wewe hukuuona uso wake. Mimi niliuona. Akasema kwa sauti ya kusikika, "Ni paka. Mwondoeni."

Na wewe ukasema unaona, hata Mama mwenyewe amesema.

Siku ya pili nilitoka kupeleka nguo za watu, niliporudi Meneja hayupo. Msumari alikuwa amemtia kwenye gunia, akamwacha soko la samaki, eti hatalala njaa. Nilipomfokea alinijibu kwamba ametumwa na mkubwa wangu, yaani wewe. Dawa za Meneja zilizobaki bado ziko kabatini. Sijui naziwekea nini.

Kiti kikakauka. Ukapiga, ukafurahi, ukaniambia nyumba inahitaji mtu wa kuamua. Unajua kwa nini kilikauka? Mama aliacha kunywa maji. Chai ninayompa asubuhi alikuwa anaumwagia ule mmea wa dirishani, nilikuja kugundua nilipokuta majani ya chai juu ya udongo wake. Kwenye kiti hakai tena. Alihamia kwenye kigoda cha plastiki karibu na mlango wa choo, anadai hapo kuna hewa. Mazoezi ya kwaya akaacha, yeye aliyekuwa anafika kabla ya mwenye funguo.

Hata hivyo mwili haufuati amri ya mtu. Nilipokuwa nageuza godoro lake nilikuta nguo zake chini, mbichi, amezifua mwenyewe kwa sabuni ya kipande, povu limekauka mikunjoni kwa sababu vidole vyake havina nguvu ya kukamua. Mama wa dobi anamficha dobi nguo. Nililia, halafu nikazirudisha palepale nilipozikuta.

Mama alipoanguka nilikuambia ni kizunguzungu cha uzee. Nilikudanganya. Alianguka kwa kukaukiwa maji mwilini. Muuguzi alimtundikia dripu, akampima, akakuta na kibofu kimeingiwa na maradhi, karibu yaleyale aliyokuwa nayo paka. Sasa amepata dawa na hatari imepita. Lakini siku mbili zile nilikaa kando ya kitanda chake nikikuchukia, na ni vizuri ulijue hilo kutoka kwangu mwenyewe.

Najua ulimtakia mema. Kila mtu anamtakia mema. Kitanda usichokilalia hujui kunguni wake, kaka, na wewe ulikuwa unatupangia kitanda kizima kwa simu. Mama alikuwa na kisingizio kimoja tu duniani, chenye miguu minne na sikio bovu, nacho ukakitoa nje kwa gunia. Na yeye ndiye aliyelazimika kutamka hukumu, mbele za watu, dhidi ya kiumbe aliyekuwa anamgawia ngozi ya kuku. Hilo ndilo linaloniuma kuliko yote.

Nilikwenda soko la samaki kumtafuta. Nilizunguka kati ya meza nikiita Meneja, Meneja, mpaka wauzaji wakanielekeza ofisi ya soko. Nilirudi mara kadhaa. Sikumpata, na sidhani kama nitampata. Hakuwa paka wa kupigania vichwa vya samaki na mapaka ya sokoni.

Mara ya mwisho muuza samaki mmoja alinionea huruma, akanipa paka mwingine: mdogo, wa kijivu, masikio yote mawili mazima. Nilimleta kwenye kapu lilelile la mfuniko. Nikamweka mapajani mwa Mama. Mama alimtazama. Akamshika sikio, lile ambalo lilitakiwa liwe limekatika, akalisugua kwa kidole. Kisha akasema, "Meneja amerudi."

Nikasema, "Amerudi, Mama."

Akaniomba maji. Alikunywa glasi yote.

Asubuhi yake nilisikia ananiita kutoka dirishani nikaone alichofanya Meneja. Sijawahi kuufua mto kwa moyo mweupe namna ile. Nilimkaripia yule mtoto wa paka mpaka nikamwonea haya, maana yeye tangu aingie humu ndani hajakosea beseni hata mara moja. Muuguzi nimemwambia arudi na sare zake. Tunaanza upya, polepole, tulipokuwa tumefika.

Sasa sikiliza ninachokuomba. Simu niliyokuambia kamera yake imekufa, haijafa. Nilikuwa naficha paka. Barua hii ikikufikia, kamera itapona. Ukipiga utamwona paka wa kijivu amelala kwa Mama. Usiulize habari za rangi, usiulize sikio. Sema Meneja amenenepa. Ukiona kiti kimelowa, cheka, mlaumu paka, uulize habari nyingine. Kama huwezi, basi usipige kwanza.

Msalimie wifi sana, na wanangu wote wawili, waambie shangazi yao anawakumbuka. Jirani anakusalimu. Msumari nimeshamsalimia kwa namna yangu, nguo zake siku hizi anafua mwenyewe. Mungu akupe afya na goti lipone, akuzeeshe salama, na siku nawe ukizeeka akupe wa kukufunikia.

Mama anajua nakuandikia, anadhani ni salamu tu. Amenituma nikumalizie kwa maneno yake, nami nayaandika kama alivyoyasema: mwambie kaka yako Meneja amerudi, na tabia yake ni ileile, ila safari hii asimfukuze.

Ni mimi mdogo wako, ninayekupenda hata leo ambapo si rahisi,

Dobi wa nyumbani.